Mdomo wa Sanduku la Khitma

Mjukuu wangu Mwanapili alikuja na kompyuta yake kifuani kama mtu aliyebeba sinia la moto. Akakaa mkekani mbele yangu, akasema, "Bibi, khitma yangu ina tisa mbili."

Nilikuwa napepeta mchele. Nikauweka ungo chini.

"Tisa mbili vipi?"

"Juzuu ya tisa kaichukua shangazi hapa mjini, na kaichukua mtu mwengine Mombasa. Na ya ishirini na moja haina mtu. Lakini ukiiuliza kompyuta, inasema thelathini zimetimia."

Nilishtuka. Si kwa ajili ya kompyuta. Ni zile namba mbili, tisa na ishirini na moja, ambazo kwa miaka mingi sikuwa nimezisikia zikitajwa pamoja.

"Nieleze ulivyoitengeneza," nikamwambia. "Polepole, kama unamweleza mtu asiyejua kitu, maana mie sijui kitu."

Jamaa zetu wametawanyika. Wako Mombasa, wako Maskati, wako Dar es Salaam. Kila mwezi wa Rajabu tunasoma khitma ya wazee wetu, Kurani nzima kwa juzuu zake thelathini, na Mwanapili alitaka kila mtu achague juzuu yake kwenye simu, alipo. Akanieleza kuwa ndani ya kompyuta kuna kitu kinaitwa orodha. Walioitengeneza lugha ya kompyuta wameiweka humo tayari, na inajua kazi zake: kupokea kitu, kutoa kitu, kutafuta, kuhesabu vilivyomo. Ila haichagui. Ukiipa juzuu hamsini inapokea, ukiipa mafungu ya mchicha inapokea. Kwa hiyo yeye kaunda aina yake ya orodha, kaiita Khitma, kaiambia: wewe ni mtoto wa orodha, rithi yote anayoyajua mama yako. Kisha kaiongezea masharti. Zisizidi thelathini. Juzuu moja isiingie mara mbili.

"Na masharti hayo umeyaweka wapi?"

"Kwenye kuongeza, Bibi. Kuna amri inaitwa ongeza. Nimeiandika upya, kila juzuu inayoongezwa itazamwe kwanza kama haimo."

"Na huyo mama yake, ana njia moja tu ya kutilia vitu?"

Mwanapili akaivuta kompyuta, akapeleka vidole.

"Kabla hujaigusa," nikamwambia, "sikiliza habari ya sanduku."

Nilimhadithia mchana kutwa. Baadaye akaniomba niiandike, na hii ndiyo niliyoiandika.

*

Mwaka 1964 nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Baba yangu, Machano, alikuwa fundi viatu Ng'ambo, na mimi nilikuwa nimeolewa na Masoud, makenika wa bandarini. Tulipanga chumba cha chini katika nyumba ya Bi Hamda, Sokomuhogo. Bi Hamda alikaa juu na binti yake Shariffa na mkwewe Zahor.

Nilipoingia nyumba ile nilikuwa nasoma Kurani kwa kukwaakwaa. Nilitolewa chuo cha Kurani mapema nikalee wadogo zangu. Siku moja Bi Hamda alinisikia nasoma peke yangu uani, akashuka ngazi, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akasikiliza. Tangu siku hiyo akawa anashuka kila alasiri. Hakuniambia hata mara moja kuwa nimekosea. Nikikosea alikohoa kidogo, nami nikirudi nyuma nikaipata, alinyamaza. Hata mbele za watu alikohoa vilevile, na watu walidhani ana kifua. Mpaka leo nikisoma nikisita, nasikia kile kikohozi.

Alifariki Rajabu, mwishoni mwa mwaka 1963. Wiki chache baadaye yakaja mapinduzi, na baada yake Shariffa na Zahor wakaamua kuhamia Mombasa kwa ndugu zake Zahor. Watu wengi waliondoka miezi ile. Ukipita uchochoroni unasikia masanduku yakifungwa kamba.

Shariffa aliniita juu. Nilimwita Da Shariffa kwa sababu alinizidi umri. Vyombo vilikuwa vimekwisha kufungwa, limebaki sanduku moja la msaji katikati ya chumba.

"Hili silichukui," akasema. "Hili la mtaa."

Sanduku lile nililijua. Lilikuwa la marehemu baba yake, mfanyabiashara wa karafuu, na mwanzo lilikuwa la barua. Juu lina kifuniko na kufuli. Ubavuni lina mdomo mwembamba wa kutumbukizia, ili makarani watie barua bila ya kumsumbua mzee kufungua. Mzee alipokufa, Bi Hamda alilifanya sanduku la khitma. Alitia humo juzuu thelathini chapa ya Bombei, kila moja kitabu chake chembamba chenye jalada la kijani, na likawa linaazimwa kila nyumba yenye msiba au yenye kuwarehemu wazee wake. Juzuu hugawiwa watu thelathini, kila mmoja akasoma yake, na kwa mkao mmoja Kurani nzima imesomwa.

"Sanduku la kawaida ukilitia kitu limekwisha kazi yake," Da Shariffa akaniambia. "Hili sivyo. Kila juzuu inayorudi, fungua jalada, itaje ni ya ngapi, ndipo uitie. Mama ndivyo alivyokuwa akifanya. Zikitimia, funga."

"Naam, Da Shariffa."

"Na khitma ya mama, kila Rajabu, nakuachia wewe. Isipungue, Kidawa."

"Haipungui."

Akanishika mkono wangu, akanitilia ufunguo ndani yake, akanifumba vidole kimoja kimoja. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akawa ananifuta kwa ncha ya kanga yake, yeye anayehama.

*

Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa mkali kama karani wa forodhani. Khitma ikimalizika nilikaa mbele ya kifuniko, mtu akileta juzuu naifungua, naitaja kwa sauti: "Ya nne. Ya kumi na saba. Ya mwanzo." Wanawake walinicheka.

"Kidawa, hata malaika hawahesabu hivyo!"

"Malaika hawana sanduku la Bi Hamda," nikawajibu.

Aliyekuwa hanicheki ni Bi Sichana. Alikuwa mwalimu wa chuo, mjane mfupi mwenye kuvaa miwani iliyofungwa uzi, na nusu ya watu wazima wa Sokomuhogo walisoma kwake. Kurani yote alikuwa nayo kichwani. Kila khitma alikaa pembeni ya sanduku akanisaidia kuzipanga, na mimi nilijiona mtu mkubwa, mwalimu ananisaidia.

Mwaka 1967 alifariki Miraji, muuza kahawa wa mtaa wetu. Kila mtu alikuwa amekunywa kahawa yake, na nusu yao kwa bure, kwa hiyo watu walijaa mpaka ngazini. Wanawake tulikuwa vyumba viwili, na khitma mbili zikasomwa kwa pamoja. Ya pili aliileta Bi Mwanakheri, aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Zake alizitia katika mkoba wa ukili, nazo chapa ileile ya Bombei, majalada yaleyale ya kijani.

Ilipomalizika ikawa vurugu. Huyu mtoto wake analia, yule kaacha chungu jikoni, na mimi naitwa nikapakue. Nikaondoka penye kifuniko. Na watu wenye haraka wakafanya walilozoea tangu enzi za Bi Hamda: wakazitumbukiza juzuu kwenye mdomo wa ubavuni. Niliporudi nilikuta sanduku limejaa. Nikahesabu. Thelathini. Nikafunga kwa ufunguo, nikamshukuru Mungu.

Nilihesabu tu. Sikuzitaja. Masharti yangu yote nilikuwa nimeyaweka kwenye kifuniko, na ule mdomo nikausahau, kwa kuwa ulikuwepo tangu mwanzo na sikuutia mimi.

Mwaka ule Bi Mwanakheri na mumewe Abdulla wakahamia Chukwani.

*

Khitma za Bi Hamda ziliendelea kila Rajabu. Miaka ile sukari ilikuwa kwa foleni, na Masoud aliamka alfajiri akasimama, kisha akaenda kazini bila ya chai ili ile sukari yetu itoshe kahawa ya wageni. Hakuwahi kulisema jambo hilo. Nilikuja kuambiwa na wenzake wa bandarini. Watu walikaa kwenye majamvi, nikagawa juzuu kutoka juu ya fungu bila ya kuchagua, kila mtu akapata aliyoipata, akainama, akasoma.

Bi Sichana alikuwa na desturi moja. Alichukua juzuu, akaisoma, akaifunga, lakini midomo yake haikukoma. Watu wamekwisha kushika vikombe, yeye bado midomo inacheza na macho kayafumba. Tulimngojea ndipo dua iombwe. Wengine walinong'ona, "Mwalimu na nyiradi zake." Mimi nilimwekea kikombe chake karibu ya goti, na kikipoa nilimbadilishia.

Mwaka 1971, kabla ya Rajabu, ikaja barua kutoka Mombasa. Mwandiko wa Da Shariffa naujua, herufi zimelala kama mpunga uliopigwa na upepo. Aliandika kuwa wamepata kikundi cha wanawake huko, na mwaka ule anataka tusome khitma ya mama yake pamoja, siku moja, saa moja. "Nyinyi someni ya kwanza mpaka ya kumi na tano, sisi tutasoma ya kumi na sita mpaka ya thelathini. Iwe khitma moja, Kidawa, nusu yake kwenu na nusu yake kwetu. Kwa ulivyoitunza miaka yote hii bila ya kupungua, nami nitakuwa kama nimekaa nawe."

Nilifurahi mpaka nikaisoma barua nimesimama. Nikalifungua sanduku pale pale ili nizitenge zetu kumi na tano. Nikazipanga kitandani, moja baada ya moja, kwa mfululizo. Ndio mara ya kwanza tangu msiba wa Miraji kuzipanga kwa mkono wangu. Kazi hiyo nilikuwa nimemwachia Bi Sichana. Nikafika ya tisa, nikaiweka. Nikashika nyengine, nayo ya tisa.

Nikadhani nimeona vibaya. Nikazifungua zote mbili. Nikaenda mpaka mwisho, nikarudi mwanzo. Ya ishirini na moja haikuwemo.

Nilikaa sakafuni. Khitma ngapi? Nikahesabu kwa vidole: ya sitini na saba, na nane, na tisa, na ya sabini. Rajabu nne nimemsomea mwalimu wangu Kurani yenye tundu katikati. Na barua iko kitandani inasema bila ya kupungua.

Masoud alirudi akanikuta pale pale. Nikamweleza.

"Mwandikie tu kuwa mtasoma," akasema taratibu. "Ya ishirini na moja iko katika nusu yao. Mwaka huu itasomwa."

"Na ile minne?"

Alienda uani akanitekea maji ya kunawa uso.

*

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bi Sichana. Watoto wa chuo walikuwa bado hawajafika, na alikuwa anafagia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kidawa. Mbona uso kama wa mtu aliyeungua na uji?"

Nikazitoa zile tisa mbili kutoka ndani ya buibui langu, nikazishika mbele yake, moja mkono huu na moja mkono huu. Ufagio ulimtoka mkononi.

"Umeona," akasema.

"Mwalimu ulikuwa unajua?"

Akakaa kwenye jamvi, akavua miwani yake. Bila ya miwani alikuwa kama mtoto.

"Mie ndiye niliyeitia," akasema. "Siku ya Miraji. Nilikuwa nimeshika mbili, moja yako na moja ya Mwanakheri. Nikasema hii naitumbukiza sandukuni, hii naipeleka mkobani. Mtu akaniita, nikageuka, nikazibadili mikono. Macho yangu haya! Niligundua Rajabu ya mwaka uleule, nilipomsikia mwanamke wa ubavuni mwangu anasoma aya ninayoisoma mie. Baadaye nikazitazama zote. Nikaona ya ishirini na moja haipo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila mtu ananiita Mwalimu, Kidawa. Miaka thelathini nawaambia watoto, msichanganye kurasa." Akafikicha macho. "Nikaona haya. Nikasema, mie ninayo kichwani, nitaisoma. Kila khitma nikimaliza yangu niliyopewa, naisoma na hiyo. Haikupungua hata mara moja. Wallahi haikupungua."

Nikaviona vile vikombe vya kahawa vilivyopoa. Nikaiona ile midomo. Sisi tukanong'ona nyiradi, kumbe mtu amekaa katikati yetu anaziba tundu kwa roho yake.

Nikaiokota miwani, nikaifuta, nikamvalisha.

"Basi khitma ya Bi Hamda imetimia," nikasema. "Mie nalia nini?"

Lakini yeye uso haukufunguka.

"Yako nimeiziba," akasema. "Ya Mwanakheri je? Mkobani mwake mna ishirini na moja mbili, na ya tisa haimo. Na Abdulla kafa mwaka juzi, Mungu amrehemu. Kasomewa humo. Nani aliyemsomea ya tisa? Mie nilikuwa Sokomuhogo, nakaa na aibu yangu."

*

Tulikwenda Chukwani siku ileile baada ya adhuhuri. Njiani juzuu zote mbili Bi Sichana alizishika mwenyewe, kifuani, na sikumtaka anipe.

Bi Mwanakheri alikuwa ukumbini anasuka ukili. Alikuwa na ulimi, hata mtaani tulikuwa tukimwogopa.

"He! Watu wa mjini! Nani kafa?"

"Hakufa mtu, Bi Mwanakheri. Shikamoo."

"Marahaba. Basi mmekuja kutaka muhogo. Miaka minne hamjui njia ya Chukwani, leo mmeionea wapi? Na wewe Sichana, umekuwa mdogo hivyo? Unajipunguza kama sabuni?"

Bi Sichana hakucheka. Alikaa kwenye ncha ya mkeka, akamweleza yote, tangu mikono ilivyobadilika mpaka midomo aliyokuwa akiichezesha. Hakujitetea kwa macho wala kwa vurugu za watu. Alimaliza kwa kusema, "Nimekuja unisamehe, na kama hunisamehi, ni haki yako."

Bi Mwanakheri aliacha kusuka. Akainuka, akauteremsha mkoba kutoka ukutani, akautazama ndani, akazitoa moja moja. Zilipotoka ishirini na moja mbili aliziweka juu ya mapaja, akazipapasa.

"Abdulla nimemsomea humu mara tatu," akasema. "Siku ya tatu. Arubaini. Na mwaka."

Kuku walikuwa wanaparua uani. Nilisikia kila mparuo.

"Mara tatu," akarudia. "Na sisi tuko wangapi hapa?"

Sikumfahamu. Bi Sichana alimfahamu kabla yangu, akaanza kulia.

"Usinililie, mwanamke, utalowesha juzuu," Bi Mwanakheri akasema. "Khitma tatu, wanawake watatu, kila mmoja tisa moja. Za vitabu zipo mbili. Wewe unayo kichwani, si ndiyo fahari yako? Kidawa, maji ya udhu yako mtungini. Na uteke kwa kata, usitie mkono."

Tukatawadha. Tukakaa ukumbini pale, watatu, mabega yanagusana, tukaisoma juzuu ya tisa. Mimi nilisoma polepole. Mahali pamoja nilikwama, neno limenipotea ulimi, na Bi Sichana, macho kayafumba, bila ya kukatiza kisomo chake, akakohoa kidogo.

Sijui kama alikuwa na kifua. Sikumwuliza. Nilirudi nyuma, nikaipata.

Tulipomaliza, Bi Mwanakheri aliomba dua ya mumewe kwa maneno marefu, na katikati yake akamtia Bi Hamda, na baba yangu Machano, na Miraji wa kahawa. Kisha tukabadilishana. Ya tisa ikaingia mkobani, ya ishirini na moja nikaipokea. Akatupa na muhogo, ijapokuwa alisema hatupi.

*

Niliporudi nilimwita Jaku, seremala wa mtaa wa pili, auzibe ule mdomo kwa ubao na misumari. Alikuwa amekwisha kushika nyundo, Bi Sichana akatokea mlangoni.

"Usiuzibe," akasema. "Daima kutakuwa na mtu mwenye mtoto anayelia. Ukiuziba, ataiacha juzuu yake chini, ipitiwe na miguu."

"Sasa nifanye nini, Mwalimu? Nisimame kwenye kifuniko na kwenye mdomo?"

Jaku akajikuna shingo kwa penseli. "Nikutengenezee mtoto wa meza," akasema. "Kwa ndani, chini ya mdomo. Kitakachotumbukizwa kinaanguka mle kwenye mtoto, hakichanganyiki na vyengine. Wewe ukipata nafasi unamvuta, unazitaja moja moja, ndipo unazitia sandukuni kwa juu."

Alifanya hivyo, na hakutaka kitu. Alisema Bi Hamda aliwahi kumkoholea na yeye.

Kisha nikakaa kumwandikia Da Shariffa. Ningeweza kuandika kuwa tutasoma nusu yetu, nikanyamaza. Khitma zote zilikuwa zimetimia, sikuwa na haja ya kusema. Lakini yeye aliandika "kwa ulivyoitunza," na sikuwa mimi niliyeitunza. Niliandika kurasa nne. Nilimweleza mdomo, na haraka yangu, na mikono ya Bi Sichana. Nilimwomba kwanza Bi Sichana ruhusa ya kulitaja jina lake, akasema, "Litaje. Nshachoka kulificha."

Rajabu ilipofika tulisoma zetu kumi na tano, na wao wakasoma zao. Jibu lilikuja mwezi wa Shaabani. Sikuifungua barua mpaka Masoud aliporudi, nikampa aifungue yeye.

"Kidawa mdogo wangu," ndivyo alivyoanza, na hapo nikajua. Aliandika kuwa baba yake wakati wa uhai wake alitaka mara mbili kuuziba ule mdomo, na mara mbili Bi Hamda alimzuia, kwa sababu ileile ya watu wenye haraka, wakati ule makarani. Aliandika kuwa kikundi chao cha Mombasa kina wanawake wengi, na hapana hata mmoja aliyeihifadhi ya ishirini na moja. "Mwambie Bi Sichana, mwaka huu ilipofika zamu yake, niliichukua mimi. Nimeisoma kwa niaba yake, apumzike."

Nilimpelekea barua chuoni. Alinitaka niisome sehemu ile mara tatu. Kisha akaniambia, "Haya nenda, watoto wananitazama."

Rajabu zilizofuata alisoma juzuu moja tu kama watu wengine, akaifunga, akanywa kahawa yake ya moto.

*

Mwanapili alikuwa amekiweka kidevu juu ya kompyuta.

"Nimelinda kifuniko," akasema. "Orodha ina ongeza, na ina chomeka, ya kutia kitu katikati. Na ina unganisha, ya kutia orodha nzima kwa mkupuo mmoja. Zote hizo Khitma yangu imezirithi, na mimi nimelinda moja. Na jamaa wa Mombasa walijiandikisha wenyewe kwenye karatasi, wakanitumia majina yote pamoja. Nikayaunganisha."

"Wenye haraka," nikamwambia.

"Na kuhesabu nako imekurithi vilevile. Inahesabu vingapi, haitazami ni vitu gani."

"Usiwafungie njia."

"Siwafungii, Bibi. Nitawatia mtoto wa meza." Akaanza kubonyeza. Mimi nikarudi kwenye mchele wangu. Ilipokaribia magharibi akanigeuzia kioo. "Ya tisa nimewatoa wote wawili, nisimpendelee mtu. Haya, chagua juzuu yako. Uwe wa kwanza kuijaribu."

Sikuwa na haja ya kufikiri. Kila Rajabu tangu Bi Sichana alipofariki huwa nachukua moja hiyohiyo.

"Nipe ya ishirini na moja."

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akacheka.

"Inakataa, Bibi. Shangazi Mombasa alipiga simu kuulizia, nikamwandika sasa hivi wakati unapepeta. Mjukuu wake Bi Shariffa. Anasema kwao hiyo ni yao."

Nikakitazama kile kioo. Thelathini zimejipanga, kila moja na mtu wake au na nafasi yake, na ile ninayoitaka imefungwa kwa jina la binti nisiyemjua, aliyeachiwa na bibi yake.

"Basi vizuri," nikasema. "Nipe ya tisa."